Mabega Mawili ya Masele

"Bega la kushoto halikugusa."

Maneno hayo nimeyala na kuyanywa miezi na miezi. Niko jikoni nasonga ugali, nayasikia nyuma yangu: bega la kushoto halikugusa. Tunatoka Misa, maji ya baraka hayajakauka usoni, mtu ananishika kiwiko: "Lakini wewe uliona, Mama Flavia. La kulia, sawa, liligusa mchanga. La kushoto halikugusa." Nami namjibu, "Halikugusa, Baba Flavia, twende nyumbani." Mwe! Kama nisingekuwa nimeapa mbele ya padri kukaa naye kwa shida na raha, ningerudi kwetu Ndala na vyungu vyangu kichwani.

Mtu mwenyewe ni mume wangu, Masele wa Kwihara, aliyekuwa hamali wa stesheni ya Tabora enzi za Mwingereza. Nataka nimweleze vizuri, kwa sababu watu wa mjini wanamjua kwa jambo moja tu, lile la kuchekesha, na hata hilo wanalisimulia vibaya. Wao walikuwa wanacheka, hawakuwa wanaangalia. Mimi nilikuwa naangalia.

Alikuwa mtu mpana, mlango wetu aliuingia kwa ubavu. Kila asubuhi alitoka Kwihara kwa miguu kwa njia ileile ya zamani ya misafara ambayo babu yake aliipita na pembe ya ndovu begani kwenda pwani. Akifika stesheni, kazi yake ilikuwa ileile ya babu yake, ila haikumpeleka mbali: magunia ya karanga, mitumba ya ngozi, nta, kutoka kwenye lori hadi kwenye behewa. Wapagazi wa zamani walikuwa na desturi yao. Mtu akichoka hatupi mzigo chini, anaita "Pokea!" na mwenzake anakuja kutia bega. Mahamali wa stesheni waliendelea nayo hiyohiyo. Na mume wangu aliileta mpaka nyumbani. Alikuwa akimbeba Flavia akiwa mchanga, akichoka kumbembeleza, "Pokea!" na mtoto huyo yuko mikononi mwangu, mimi na unga wangu vidoleni.

Flavia ndiye mtoto wetu. Mungu alitupa mmoja, akafunga mlango. Masele hakuwahi kunilaumu kwa hilo, wala hakuwahi kuninyanyulia mkono. Mpole kabisa. Ila ubishi! Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza ahakikishe, arudi ameloa, aseme si mvua, ni manyunyu.

Haya, mieleka ilitokea hivi. Bwana Abbasi, mwenye duka la nguo karibu na soko, aliwasikia askari waliorudi kutoka vita vya Wajapani kule Bama wakisema kwamba huko walikokwenda watu hutoa kiingilio kutazama mieleka ya jozi, wawili kwa wawili. Mwarabu yule akishasikia neno kiingilio, hakulala tena. Alizungushia kiwanja uzio wa matete nyuma ya stesheni, katikati akamwaga mchanga wa mtoni, akauzungushia kamba ya katani kwenye nguzo nne. Mmoja anapigana ndani, mwenzake anasubiri nje ya kamba. Ukichoka unamgusa mwenzako kiganja, anaingia yeye, wewe unatoka. Mmoja wenu akilazwa mabega yote mawili mchangani, Bwana Abbasi anapiga debe tupu, mmeshindwa nyote wawili. Mahamali walipoonyeshwa mchezo huo walicheka sana. Mchezo gani, walisema, hii si kazi yetu ya kila siku? Na kule kubadilishana kwenyewe wakakuita kwa neno lao: Pokea.

Masele alichukua mwenzake wa gunia, Silasi. Silasi alikuwa Mmoraviani, mpiga tarumbeta wa kanisa lao, mwembamba lakini mwepesi kama paka, na pumzi yake haikwisha kwa sababu ya lile tarumbeta. Walimshinda kila aliyeletwa, wakapewa mkanda. Ulikuwa mkanda wa ngozi ya nyati, mpana kama kiganja changu, umeshonewa vikengele vya shaba. Silasi hakutaka kukaa nao, alisema mchungaji wake ataudhika, kwa hiyo ulining'inia kwetu, juu ya kitanda. Mbuzi akijikuna ukutani kwa nje, vikengele vinalia ndani. Masele alikuwa akivisikia usingizini na kutabasamu. Naam, nilimwona.

Halafu ukafika mwaka ule ambao watoto wa shule waligawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia mpya. Kiangazi cha mwaka huo Bwana Abbasi akaleta jozi ngeni: Shilinde, kijana wa Nzega anayefanya kazi kwenye karakana ya relwe, na Lugembe, mfugaji wa Ziba mwenye shingo kama ya mafahali wake. Sitaki kurefusha. Shilinde alimlaza Masele mchangani, debe likapigwa, mkanda ukaondoka. Hapo ndipo lilipozaliwa lile bega la kushoto.

Keshoye, mtu anabisha hodi Kwihara. Ni Shilinde, na kuku mkononi, amekuja kumpa pole mzee aliyemwangusha. Nikasema moyoni, huyu kalelewa. Masele alikuwa amekwenda kazini kubishana, kwa hiyo kijana akapokelewa na mimi, na Flavia alikuwa uani anapepeta karanga. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, starehe. Jamani, pole ya bega moja haichukui mchana kutwa! Jua linazama, kijana bado anatoa pole. Wiki iliyofuata akaja tena kuuliza kama bega limepona. Nikamtazama Flavia, naye akatazama ungo wake, na ungo ulikuwa mtupu.

Basi mvua za kwanza zikaja, na pamoja nazo akaja mshenga. Na mshenga mwenyewe ni nani? Lugembe, huyohuyo mwenye shingo. Ameoga, amevaa koti, ameketi kwenye kigoda chetu mpaka kigoda kinalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Masele alisema. "Umeniletea mkanda wangu?"

"Nimeleta maneno, mzee."

Akayasema maneno, na aliyasema vizuri. Kijana wa watu ameona ua hapa, ng'ombe wa baba yake wako Nzega tayari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeziba mdomo kwa furaha. Masele akakuna kidevu, kisha akasema: "Kijana ni mzuri. Posa ni nzuri. Sikatai."

"Basi umekubali, mzee?"

"Sijasema nimekubali. Nimesema sikatai. Nitajibu baada ya pambano la marudiano."

Nikatoka nyuma ya pazia nusura nimpige na mwiko. Lakini nilijua mara moja anachofikiri. Kwetu sisi mkwe haguswi. Ukishakubali posa, yule kijana ni mkwe wako. Hamshikani mikono, hamli sahani moja, hamkai mkeka mmoja. Mkikutana njiani, yeye anapisha huku na wewe unatazama kule. Kumkamata mkwe kwa nguvu ni kumvua ukwe wake, posa imekufa na hakuna wa kuifufua. Kwa hiyo Masele akikubali, hatapigana na Shilinde tena, leo wala kesho, mpaka anaingia kaburini.

"Na mimi nibaki nani?" Masele aliniuliza, Lugembe alipokwisha kuondoka. "Mzee aliyeangushwa na mkwewe? Ngoja nimwangushe na mimi mara moja tu, Mama Flavia. Mara moja tu. Halafu nitampa binti na baraka juu yake."

"Na asipoanguka?"

Hapo akatoka kwenda kutazama mbuzi. Na kule kutoka ndiko kulikoninyima raha. Namjua mume wangu. Akiangushwa mara ya pili na mtu yuleyule, ule ubishi ungegeuka uchungu, na mtu mwenye uchungu akiulizwa habari ya posa anasema hapana kabla swali halijaisha. Binti yangu alikuwa amewekwa katikati ya kamba za Bwana Abbasi, na hakuna aliyemuuliza.

Marudiano yalipangwa baada ya Krismasi. Mvua ikaja ikageuza kiwanja kuwa bwawa, vyura wakakaa humo wakaimba. Maji yalipokauka, ikakaribia Kwaresima, na padri akatangaza madhabahuni kwamba Mkristo atakayekwenda kugaagaa mchangani kabla ya Pasaka asije kwake kuomba majivu, kwani mavumbi atakuwa nayo tayari. Watu walicheka kanisani, Masele hakucheka. Kwa hiyo ikawa Jumatatu ya Pasaka.

Miezi yote hiyo Flavia alipungua. Hakulia, si mtu wa kulia, kamrithi baba yake. Alitwanga, alichota maji, alisema "ndiyo mama." Lakini zamani alikuwa akitwanga anaimba, na sasa nilisikia mchi tu. Niliumia, nasema kweli. Mama unaweza kuvumilia mengi, kinu cha kimya hukivumilii.

Jumamosi Kuu Lugembe akaja tena, safari hii hakukaa. "Mzee, kijana amehamishiwa Kigoma. Jumanne alfajiri anapanda gari moshi. Baba yake amesema akiondoka bila jibu, ng'ombe watakwenda nyumba nyingine. Kuna binti Ziba ameshatajwa."

"Jumatatu jioni," Masele alisema, "nitampa jibu."

"Mpe leo!" mimi nikapiga kelele kutoka jikoni, adabu zote zimeniishia.

"Jumatatu jioni," akasema tena, kwa upole uleule, nami nikarudi kwenye moshi wangu nikalia, na moshi nikausingizia.

Jumatatu ya Pasaka mji mzima ulikuwa nyuma ya stesheni. Wapiga tarumbeta wa Wamoraviani walikuja kwa ajili ya Silasi, Wakatoliki wa Kwihara kwa ajili ya Masele, wafugaji wa Ziba wamekuja na fimbo zao kama wanakwenda mnadani. Mimi nilikaa na Flavia kati ya wanawake, kanga nimejifunika mpaka puani, kwa sababu mama mkwe hamwangalii mkwe. Hakuwa mkwe bado, lakini nilishaamua moyoni mwangu. Nikachungulia kwa jicho moja.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Masele akiingia, Shilinde anamgusa Lugembe kiganja, anatoka. Silasi akiingia, Shilinde anarudi, anapigana vizuri kabisa. Masele akiingia tena, huyo, katoka tena. Watu wakaanza kuzomea. "Kijana anaogopa!" Haogopi, nilisema rohoni, ana heshima, nyie wapumbavu. Lakini Masele hakuiona heshima, aliona dharau. Akasimama katikati ya mchanga, akamnyooshea kidole.

"Njoo hapa! Unanikimbia nini? Mimi bado si baba mkwe wako!"

Flavia aliyasikia. Sote tuliyasikia. Akafumbata mikono kifuani, akasimama wima akimtazama baba yake, na hakukaa tena.

Shilinde akaingia. Basi, wakakamatana. Nikwambie, niliwahi kuwaona mafahali wakipigana mtoni Ziba, ilikuwa vile, kimya, miguu tu inachimba. Masele alimzidi uzito, kijana alimzidi mgongo. Kwa muda mrefu hakuna aliyesogea. Halafu nikaona mguu wa Masele wa nyuma unatetemeka, ule anaousugulia mafuta ya kondoo kila jioni, nikasema Bikira Maria, amekwisha. Wakaanguka pamoja, kijana juu. Silasi kalala juu ya kamba, mkono kaunyoosha, hamfikii. Bega la kulia la Masele likagusa mchanga. La kushoto likabaki juu, upana wa kiganja, likashuka, likapanda, likashuka. Bwana Abbasi kachuchumaa, fimbo ya debe iko hewani. Safari hii yule Mwarabu aliliangalia lile la kushoto peke yake.

Ndipo mume wangu akafumbua kinywa, mchanga umo ndani, akapaza sauti mpaka stesheni:

"Lugembe! Mshenga! Posa nimeikubali!"

Shilinde alimwachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Alirudi nyuma kwa magoti, mikono ikashuka ubavuni, macho chini. Halafu Tabora yote ikapasuka kwa kicheko. Watu walishikana wasianguke, mpiga ngoma akaiangusha ngoma yake, Bwana Abbasi akakaa chini kwa makalio, "Wallahi, mambo gani haya?" Hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia mpaka leo. Wanaishia hapo. Na hapo sipo.

Masele aliinuka. Alijipangusa mchanga, anacheka, amefurahia ujanja wake mwenyewe kama mtoto aliyeiba sukari. Kisha akamtazama Shilinde amepiga magoti mbele yake, hajikingi, na kile kicheko kikabadilika. Nikayaona macho yake. Yalikuwa yanatazama bega tu. Alikuwa amesahau! Alikubali posa ili mkwe asimguse yeye, hakukumbuka kwamba hata yeye hawezi kumgusa mkwe. Akapiga hatua, akanyoosha mikono.

Niliruka juu, kanga ikaanguka, nikawa nimesimama uso wazi mbele ya mkwe wangu na mji mzima. "Baba Flavia! Huyo ni mkwe wako! Ukimgusa umeivunja posa mbele ya watu wote!"

Mikono yake ikabaki hewani. Kicheko kikaisha, kwa sababu kila mtu pale alielewa, hata Waarabu, hata Wamanyema. Na kutoka nje ya kamba Lugembe akazungumza, si kwa sauti ya mieleka, bali kwa ile sauti ya kigoda chetu, ya mshenga.

"Mzee, neno lako nimelisikia. Watu hawa wamelisikia. Kama ulikuwa unatania, mkamate, nasi tutajua. Kama si utani, tuambie."

Jamani. Kile alichokitaka tangu mwaka wa vikombe, kile alichokula nacho na kulala nacho, kilikuwa mbele yake kimepiga magoti, na hakina mikono. Hata mimi ningemsukuma Shilinde akaanguka. Mabega mawili, debe, mkanda ukutani, vikengele. Nilimwona anapumua. Alimtazama kijana. Akamtazama Flavia, na Flavia hakumwomba, hakutikisa kichwa, alimtazama tu kwa ubishi uleule aliompa yeye mwenyewe.

Masele akatema mchanga. "Si utani," alisema. "Nimekubali."

Kisha akamzunguka Shilinde. Hakupita karibu naye, alimzunguka kwa mbali, kichwa kageuza pembeni, vile mtu mzima anavyompita mkwewe njiani. Akafika kwenye kamba, akamgusa Silasi kiganja.

"Pokea," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini nililisikia.

Shilinde naye akatoka, Lugembe akaingia. Silasi maskini alijitahidi, alirukaruka, alimponyoka mara nyingi, lakini pumzi ya tarumbeta haimwinui mtu aliyekua akisukumana na fahali. Alilala mabega yote, waziwazi, hata Masele hakupata la kubisha. Debe likapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na wale wanaume wa Ziba wakadhani ni kwa ajili ya jozi yao. Haikuwa kwa ajili ya jozi yao. Nilimkumbatia Flavia, naye ndipo akalia, mtoto wangu, akalia mpaka kanga yangu ikaloa.

Tulirudi Kwihara jua linazama. Masele alitangulia, anachechemea.

"Ungenyamaza," alisema bila kugeuka, "ningekuwa na mkanda kiunoni."

"Na binti yako angekuwa wapi?"

"Ningemkubali kijana kesho."

"Kesho yuko kwenye gari moshi, Baba Flavia. Na baada ya kumwangusha akiwa amepiga magoti, ungemwangaliaje Flavia?"

Aliendelea kuchechemea mpaka kwenye kisima. Hapo akasimama. "Lakini liliinuka, sivyo?" akasema. "La kushoto."

"Lilikuwa juu," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Twende nikusugue mgongo."

Baada ya mavuno mahari ikaletwa kutoka Nzega. Lugembe alikuwa nyuma ya ng'ombe, koti lake begani. Tulisikia vikengele kabla hatujawaona, nikajua. Fahali wa mbele alikuwa amevalishwa mkanda wa nyati shingoni. Shilinde hakutuma neno lolote pamoja nao, mkwe hazungumzi na baba mkwe mambo ya namna ile, alimtuma fahali. Masele akamvua fahali ule mkanda. Aliushika muda mrefu, akaunusa ngozi yake.

"Ng'ombe nimewapokea," akamwambia Lugembe. "Lakini huu mrudishie mkwe wangu. Silasi alianguka. Hatukushinda." Na akaingia kwenye ghala la mtama, akakaa humo kitambo, nasi tukazungumza kwa sauti kubwa nje ili asijue kwamba tunamsikia anavuta kamasi.

Hakupigana tena. Bwana Abbasi aligundua sinema, mchanga wake wakauchukua wajenzi. Stesheni walimtania mpaka wakachoka, na hawakuchoka haraka. Mpaka sasa hamali wa Tabora akizidiwa na gunia utamsikia anaita, "Posa nimeikubali!" na wenzake wanakimbia kumpokea. Masele mwenyewe alikuwa akicheka nao. Nyumbani alirudia lile bega mara mojamoja, kama mtu anayekohoa kikohozi cha zamani.

Ilipita miaka ndipo Flavia akaja kutoka Kigoma na Shilinde na binti yao Bernadeta, mtoto mnene, amejaa maneno. Shilinde, kama inavyopasa, hakuingia. Aliketi nje ya uzio wa ua, kwenye kivuli kando ya madebe yetu ya maji, katupa mgongo. Nilimpelekea chakula kwa mkono wa Flavia. Na nilipomtazama mtoto vizuri, nikaona amefungwa nini: mkanda wa nyati, umemzunguka kiuno mara mbili, vikengele vinalia kila akiruka.

"Baba kasema nimwonyeshe babu," alisema.

Masele alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshakuwa mzee, mgongo hautaki tena. Aliuangalia ule mkanda. Mjukuu si mkwe. Mjukuu ni mtani wako, unamkamata utakavyo, naye anakukamata.

"Umeupataje huo?" akamuuliza. "Nani umemwangusha?"

"Nitakuangusha wewe!"

Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi la ua wangu niliokuwa nimeufagia asubuhi hiyo. Wakakamatana. Alinguruma, alijifanya anazidiwa, kisha akazidiwa kweli kwa sababu yule mtoto alikuwa na nguvu kama shetani mdogo. Akaanguka chali, Bernadeta juu ya kifua chake, vikengele vinalia kama vilivyokuwa vikilia ukutani kwetu.

Nje ya uzio Shilinde alikuwa amevisikia. Hakugeuka, ila nikasikia sauti yake ikimwambia mkewe, taratibu, "Hebu muulize mama, nani ameanguka?"

Flavia akaniangalia. Mimi nikamwangalia Masele. Nilitaka kusema hakuna aliyeanguka, wanacheza tu, kwa sababu nimekaa na mtu huyu maisha yangu yote na ninajua panapomuuma. Lakini yeye akaninyooshea mkono ninyamaze. Akalala vilevile, akalegeza shingo, akalishusha la kulia, halafu la kushoto, mpaka nikaona vumbi limepanda pande zote mbili. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye uzio, akapaza sauti kumjibu mtu ambaye hakuwahi kusema naye neno tangu siku ya posa.

"Mwambie huyo aliyeko nje ni mimi. Na mwambie mabega yote mawili."

Halafu nikasikia, nje ya uzio, mtu akipiga debe letu la maji.